Kutengeneza na Kuachia Albamu ya Muziki wa Kielektroniki Ukiwa Tanga

Miaka ya 1960, vikundi vya taarab vya Tanga, Black Star na Lucky Star, vilipokea gitaa la umeme na gitaa la besi vikavipa lafudhi ya hapa. Mji huu huu ukatoa Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, bendi zilizochezwa Afrika Mashariki nzima. Kijana wa Makorora au Mikanjuni anayefungua laptop leo ana kazi ya aina ile ile: mtambo umetengenezwa kwingine, mdundo ni wa kwao. Mwongozo huu unamhusu yeye, hasa kama ana biti nyingi zilizolala kwenye kompyuta na hajawahi kutoa albamu kamili.

Msimamo wangu ni mmoja. Albamu ya kuchezeka hupimwa kwa wachezaji. Kila uamuzi, kuanzia spidi ya biti hadi tarehe ya kuachia, jiulize kwanza nani atacheza, wapi, na kwa spika gani.

Hatua ya 1: Amua spidi kabla ya sauti

Muziki wa hauzi (house) ulioanzia Chicago mwanzoni mwa miaka ya 1980 hukaa kati ya mapigo 120 na 130 kwa dakika. Amapiano ya Afrika Kusini hutulia kwenye 110 hadi 115 hivi. Singeli ya uswahilini Dar es Salaam huvuka 200 na wakati mwingine hufika 300. Ukizirundika zote kwenye albamu moja bila mpango, mchezaji anakatwa pumzi kila wimbo unapobadilika, na dijei anashindwa kuziunganisha.

Chagua spidi moja iwe nyumbani, kisha ruhusu nyimbo nyingine zisogee karibu nayo. Ukitaka kwenda mbali, tumia hesabu ya mara mbili: wimbo wa 105 unaweza kumpokeza wa 210 bila mtu kujikwaa, kwa sababu pigo moja la kwanza ni mapigo mawili kamili ya pili. Kwa njia hiyo albamu inaweza kuanza na mwendo wa pole wa harusini na kuishia kwenye singeli, na safari yote ikashikamana.

Nyimbo 8 hadi 10 zinatosha, jumla ya dakika 35 hadi 45. Andika mpangilio wake kwenye karatasi tangu mwanzo, hata kama majina bado hayapo. Utabadilika, lakini utakuonyesha mapema kwamba una nyimbo tano za kufungulia na hakuna hata moja ya kufungia.

Hatua ya 2: Vifaa

Laptop yenye RAM ya GB 8, hedifoni nzuri za kufunika masikio, kadi ya sauti yenye matundu mawili ya maiki, na maiki mbili. FL Studio, programu ya kutengenezea biti ambayo wengi bado wanaiita Fruity Loops, inauzwa mara moja na matoleo mapya unayapata bila kulipa tena. Toleo la majaribio linakuruhusu kuhifadhi kazi lakini haliifungui tena ukishaifunga, kwa hiyo usianze albamu humo. LMMS ni ya bure kabisa na biti nzuri zinatoka. Programu za wizi achana nazo, zinaleta virusi na zinaanguka katikati ya kazi.

Mambo mawili ya hapa kwetu. Kwanza, umeme: laptop ina betri yake, lakini kama unatumia kompyuta ya mezani au eksternal (diski ya nje) inayotegemea umeme wa ukutani, nunua UPS, ile betri ya akiba, kabla ya kununua spika. Pili, hewa ya chumvi. Ukiwa karibu na bahari, vifaa vifunikwe vikiwa havitumiki, na maiki zikae kwenye boksi lenye vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya.

Hatua ya 3: Rekodi ngoma za kwenu

Hapa ndipo ningekuomba ukae muda mrefu kuliko popote. Kiki, lile pigo zito la chini la biti, unayoipakua usiku huu ukiwa Chuda inapakuliwa pia Berlin na Lagos. Msondo, ile ngoma ndefu, wa kikundi cha baikoko cha mtaani kwenu haumo kwenye maktaba yoyote ya sauti, na mchezaji wa Tanga ataujua kabla hajajua wimbo ni wa nani.

Anza na watu. Siku ya kwanza usiende na maiki. Nenda kwa manju au kiongozi wa kikundi, toa shikamoo, eleza unataka nini, sauti zitatumikaje na mtalipana vipi. Kila kikundi kina utaratibu wake, na mara nyingi mwenye kauli ya mwisho ni mzee ambaye siku hizi hapigi tena. Ukiambiwa wimbo fulani ni wa unyago na hautoki nje, kubali na usiulize mara ya pili. Mapigo ya shughuli za wazi ni mengi; ya makungwi yabaki kwa makungwi.

Siku ya kurekodi, shughulika na ngozi kwanza. Unyevu wa pwani huilegeza, na ngozi iliyolegea hutoa mlio uliozama ambao hakuna programu ya kuuinua. Wapigaji wenyewe wanajua dawa: wataziotesha ngoma motoni hadi ziite. Wape nafasi na muda wa kufanya hivyo. Rekodi zikiwa zimekaza, na ukisikia zinashuka, simamisha zioteshwe tena, hata kama mpigo ulikuwa umenoga.

Uwanja wa mchanga chini ya mwembe ni bora kuliko chumba cha saruji. Saruji hurudisha mwangwi unaoingia kwenye rekodi na kukaa humo daima. Nje sauti inakwenda zake. Upepo uuzuie kwa sponji ya maiki, na upange saa: kati ya adhuhuri na alasiri una muda mrefu kabla ya adhana, ingawa bodaboda hazina ratiba. Wakati wa masika usitegemee paa la bati.

Maiki moja iweke shubiri moja kutoka kwenye ngozi ya ngoma kubwa, ikiwa imeelekezwa pembeni kidogo ya kitovu. Ya pili iweke hatua mbili au tatu kutoka kwa kikundi, ichukue wote. Rekodi kwa ubora wa biti 24 (24-bit), na kilele cha sauti kisipande zaidi ya desibeli 6 chini ya sifuri, yaani chini ya kikomo cha mita ya programu. Ngoma ikishakwaruza imeharibika. Wakishapiga wote pamoja kwa dakika kadhaa, omba mmoja mmoja: chapuo peke yake, vumi peke yake, msondo, upatu, njuga, kayamba. Kisha pigo moja moja, la polepole, la wastani na la nguvu. Halafu makofi na vigelegele. Mwisho nyamazeni wote kwa dakika moja na urekodi huo ukimya wa uwanja. Utauhitaji kuziba sehemu utakazokata.

Ukiwa na siku nyingine, zunguka mjini na kinasa sauti. Simu inafaa, mradi uiweke kwenye WAV, faili la sauti lisilobanwa. Kengele za baiskeli, ambazo Tanga haikosi. Mnada wa samaki pale Deep Sea. Nyundo za mafundi wa madau. Na ukipata ruhusa ya shamba, mashine ya korona ikichakata mkonge: zao hilo liliingia nchini mwaka 1893 na likaujenga mkoa huu, na ngurumo ya mashine yake ukiikata vipande vifupi unapata mkwaruzo mzito ambao watengenezaji wa tekno wanauhangaikia kwenye sintesaiza.

Hatua ya 4: Badilisha gridi

FL Studio inakufungulia visanduku 16: mapigo manne, kila pigo limegawanywa mara nne. Ngoma nyingi za pwani, chakacha ikiwemo, hugawanya pigo mara tatu. Hii ndiyo sababu mtu anarekodi ngoma safi kabisa, akiiweka juu ya kiki inapishana miguu. Nenda kwenye mipangilio ya projekti, weka hatua tatu kwa kila pigo, mzunguko uwe na visanduku 12. Kiki iweke kwenye cha 1, 4, 7 na 10. Sasa miguu inapata pigo nne za hauzi, na nyonga na mabega yanapata tatu tatu za ngoma, kwa wakati mmoja. Huo mvutano ndio utamu wenyewe, na wachezaji wa kwetu wamelelewa nao.

Wapigaji hai huongeza kasi kidogo kidogo wakipandwa na mori. Usilinyooshe kila pigo likae kwenye mstari. Shikilia pigo la kwanza la kila mzunguko tu, yaliyo katikati yaache yapumue. Ukinyoosha yote, umepoteza muda wa wazee wale na ungeweza kuchora mdundo kwa kipanya.

Sikiliza pia msondo umekaa kwenye noti gani, na besi yako iifuate hiyo noti. Ni rahisi kusogeza besi ya kompyuta kuliko kusogeza ngoma iliyorekodiwa.

Hatua ya 5: Panga wimbo kwa ajili ya dijei na kwa ajili ya simu

Tengeneza matoleo mawili ya kila wimbo. La dijei lianze na kumalizika kwa mzunguko wa mapigo manne uliorudiwa mara 16, kukiwa na mdundo mtupu bila sauti za kuimba, apate nafasi ya kuunganisha. La albamu liingie mapema, maana msikilizaji wa simu haningoji mimi wala wewe.

Katikati ya wimbo toa kiki kabisa, acha ngoma na kelele za mashabiki peke yake, halafu rudisha. Usifanye hivyo kwenye kila wimbo kwa namna ile ile. Kama kuna mghani wa singeli, mwachie mashairi yake nafasi kwa kupunguza vinanda, si kwa kumpandisha sauti.

Hatua ya 6: Kuchanganya sauti

Tatizo la albamu nyingi za mtaani liko chini, kwenye besi. Kiki, besi na msondo vinagombea nafasi moja, na vikigombana mchezaji anasikia mvumo tu bila pigo. Gawa mapema: kiki ikae karibu na hezi (mitetemo kwa sekunde) 50 au 60, msondo kuanzia 80 hadi 120, na besi ipungue kila kiki inapogonga, kwa kutumia kompresa inayoisikiliza kiki. Chini ya hezi 30 kata yote. Hakuna spika ya sherehe inayoitoa sauti hiyo, na inakula nguvu ya amplifaya bure.

Kila kilicho chini ya hezi 120 kiweke katikati, kisitawanywe kushoto na kulia. Mafundi wa muziki wa shughuli mara nyingi huunganisha spika zote kwa njia moja, na besi iliyotawanywa hujifuta yenyewe humo.

Upande wa pili, simu nyingi haziwezi kutoa chochote cha maana chini ya hezi 150. Besi safi sana huko haisikiki kabisa. Iongezee mkwaruzo kidogo ili milio yake ya juu isikike, na sikio litajaza iliyobaki.

Hatua ya 7: Ijaribu mbele ya watu

Usiipeleke kumastiwa, yaani kusawazishwa sauti kwa mara ya mwisho, kabla haijachezwa. Weka nyimbo kwenye fleshi, mpe dijei wa sherehe unayemfahamu, aziingize katikati ya nyimbo zinazojulikana bila kutangaza. Wewe kaa pembeni na uangalie miguu. Wakiondoka kwenda kukaa, andika ilikuwa dakika gani. Akina mama wakishika leso na kujiunga mduara, andika pia. Maoni ya rafiki studio ni ya upendo. Ya mtu anayecheza bila kujua ni kazi yako hayana sababu ya kukupendeza. Sikiliza tena kwenye bajaji, kwenye simu ya kawaida, kwenye redio ya dukani. Rudi urekebishe, kisha ijaribu tena.

Hatua ya 8: Kumasta na kuhifadhi

Mtu mwingine akumastie ikiwezekana, mwenye masikio ambayo hayajachoka. Mpe WAV za biti 24 zilizobakiza nafasi ya desibeli 6 hivi, bila limita, kile kifaa kinachozuia vilele vya sauti. Spotify hushusha nyimbo zilizopaazwa hadi kiwango cha LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti) 14 chini ya sifuri, kwa hiyo kubana wimbo hadi uvunjike hakukupi ushindi wowote pale. Kilele kibaki desibeli moja chini ya sifuri. Nakala ziwe tatu: ya kwenye laptop, ya kwenye eksternal, na moja nyumba nyingine au mtandaoni.

Hatua ya 9: Karatasi

Watu huziruka hizi, halafu wimbo ukivuma wanagombana. Kabla ya kuachia, kila aliyeshiriki asaini karatasi inayosema jina lake kamili, alifanya nini, amelipwa kiasi gani, na atapata asilimia ngapi ya mapato yajayo. Wapigaji ngoma wamo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi na inamtambua pia mtumbuizaji. Usimwambie mzee kwamba nauli aliyopewa imemaliza habari. Binafsi naona malipo ya siku pamoja na asilimia ndiyo haki, na kikundi kitajwe kwa jina kwenye kila wimbo.

Kukata kipande cha santuri ya zamani ya Tanga na kukizungusha ni jambo linalotamanisha sana, lakini kuna haki mbili ndani yake: ya aliyetunga na ya aliyerekodi. Hakimiliki ya utunzi hudumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Nyimbo za miaka ya 1960 nyingi bado zina wenyewe. Tafuta familia, omba, andikishianeni. Usipopata kibali, alika mpiga gitaa arekodi kitu kipya chenye harufu ile.

Jisajili BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, kama msanii na usajili kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Ukiwa na onyesho la uzinduzi, mwone mapema afisa utamaduni wa jiji kuhusu kibali.

Hatua ya 10: Tarehe na kuachia

Tangu Julai 2015 siku ya kutoa muziki mpya duniani ni Ijumaa. Kwa Tanga hilo ni nusu ya jibu. Usiachie albamu ya kucheza ndani ya Ramadhani. Hakuna shughuli, na utaonekana huna adabu. Nafasi nzuri ziko mbili. Ya kwanza ni wiki za kuelekea mfungo, watu wanapovunja jungu. Ya pili, ambayo naipenda zaidi, ni Ijumaa ya kwanza baada ya Idi el Fitri, maana harusi zinafuatana na madijei wanatafuta nyimbo mpya.

Ukishaijua tarehe, hesabu kurudi nyuma. Wiki nne kabla, pakia albamu kwa msambazaji wa mtandaoni ili ifike Boomplay, Audiomack, Spotify, Apple Music na kwingineko. Chagua msambazaji kwa kuangalia kwanza kama anaweza kukulipa kwa njia inayokufikia Tanzania. Bei ije baadaye. Kava iwe ya mraba, pikseli 3000 kwa 3000. Kila wimbo upate namba yake ya ISRC, ya utambulisho wa rekodi, yenye herufi na tarakimu 12, na uzihifadhi, kwa sababu ndizo zinazoufuata wimbo huo daima. Jina lako liandikwe kwa namna moja kila mahali, hadi nukta na herufi kubwa, la sivyo nyimbo zitagawanyika kwenye kurasa mbili za wasanii.

Wimbo mmoja utangulie wiki tatu kabla. Ombi la kuwekwa kwenye orodha za Spotify litumwe angalau siku 7 kabla ya tarehe. Matoleo marefu ya dijei yaweke Bandcamp, ambako wasikilizaji wa nje wa muziki wa aina hii hununua faili lenyewe; mtandao huo hukata asilimia 15 ya mauzo ya kidijitali.

Mtaani nako ni soko. Andaa fleshi kwa madijei wa sherehe, wenye bajaji na vibanda vinavyoingiza nyimbo kwenye memori kadi. Hakikisha kila faili lina jina la msanii, jina la wimbo na namba ya simu ya kazi ndani ya taarifa zake, siyo kwenye jina la faili pekee, kwa sababu jina la faili hubadilishwa likifika kwa mtu wa tatu. Taarifa za ndani mara nyingi hubaki, na ndizo zitakazomwezesha bwana harusi wa Muheza au Korogwe kukupata.

Mapato ya mitandaoni huchelewa miezi kadhaa, na Spotify, tangu 2024, hailipi wimbo ambao haujafikisha michezo 1,000 ndani ya miezi 12. Waambie wenzako hivyo mapema ili mtu asidhani amefichwa hela. Kila ripoti ikija, ipige picha uitume kwa wote walio kwenye karatasi, hata ikiwa kiasi ni kidogo, na mgao wa kikundi cha ngoma uutume kwa M-Pesa ya yule waliyemteua wenyewe, ujumbe wa muamala ukiuhifadhi pamoja na mkataba wao.